Wataalamu Wageni na Mlango wa Msamaha katika Nyanda za Juu Kusini

Methali yetu yasema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Maana yake yajulikana na watu wote. Walakini aghalabu tuisemapo twamtazama mgeni peke yake, tukasahau ya kuwa inamhusu mwenyeji pia. Ampaye mgeni jembe hana budi kuwa na shamba, kujua mpaka wake, na kukubali kulima naye bega kwa bega. La sivyo mgeni atalima apendavyo, atavuna, ataondoka, na mwenyeji atabaki na kichaka. Nia ya makala haya ni kuitazama methali hiyo kwa njia ya historia ya wageni wa namna moja tu, yaani wale waliokaribishwa kwa sababu ya ujuzi wao, na ambao sheria au mapatano yaliwatoa katika hesabu na masharti waliyowekewa wageni wengine. Nitaifuata habari hiyo katika Iringa na Mbeya, nikizichukua kwa upana wao wa zamani, kabla Njombe haijawa mkoa mwaka 2012 na Songwe mwaka 2016. Sababu ya kuchagua nchi hizo ni kwamba karibu kila namna ya msamaha iliyopata kutumika Tanzania Bara ilipita huko, na alama zake zaonekana hata leo.

Kwanza yafaa tueleze neno lenyewe. Nchi nyingi za dunia huweka ukomo wa wageni, na nchi hizo hizo huacha mlango wa pembeni kwa mwalimu na fundi. Mfano mashuhuri ni Marekani. Sheria yao ya mwaka 1924 iliigawia kila nchi idadi ya watu walioruhusiwa kuhamia huko kwa mwaka, na katika orodha zake Tanganyika, ikiwa nchi ya udhamini chini ya Uingereza, ilipewa watu 100. Lakini sheria ile ile iliwatoa katika hesabu wachungaji wa dini na maprofesa wa vyuo. Baadaye sheria ya mwaka 1990 iliweka ukomo wa watu 65,000 kwa mwaka kwa viza ya wafanyakazi wenye ujuzi wa pekee. Nayo sheria ya mwaka 2000 ikavitoa vyuo vikuu na taasisi za uchunguzi zisizotafuta faida katika ukomo huo. Basi tangu zamani hekima ya serikali ni hiyo: mlango mkubwa huhesabu vichwa, mlango mdogo hutazama kichwani mna nini.

Kwetu hesabu haikuwekwa kwa njia hiyo. Tanzania haikujenga sheria zake juu ya idadi moja ya taifa zima kwa mwaka. Imeweka madaraja ya vibali, ukomo wa miaka, na hesabu ya wageni kwa kila mradi. Msamaha wetu, basi, si wa hesabu ya mwaka tu, bali ni wa masharti hayo yote. Tena ulianza katika zama ambazo mwenyeji hakuwa na sauti ya kumpa mtu jembe wala kumnyima.

Wajerumani walijenga ngome yao Iringa mwaka 1896 wakati wa vita vyao na Mtwa Mkwawa, aliyefariki mwaka 1898. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walifukuzwa, mashamba yao yakauzwa, na kwa miaka kadhaa wakazuiwa kurudi. Lakini mkataba wa udhamini, ambao kwa huo Uingereza iliitawala Tanganyika, ulikuwa na kifungu cha saba kilichowapa raia wa kila nchi mwanachama wa Shirikisho la Mataifa haki ya kuingia, kukaa, kununua mali na kufanya kazi sawasawa na Waingereza wenyewe. Zuio dhidi ya Wajerumani liliondolewa mwaka 1925, na mwaka 1926 Ujerumani ikaingia katika Shirikisho hilo. Tangu hapo mlango ukawa wazi kwa mujibu wa mkataba, na Wajerumani wakarejea kwa wingi katika nyanda za Iringa, Mufindi na Mbozi, wakipanda kahawa na chai. Waingereza nao hawakukaa kimya. Mwezi Oktoba 1925 Lord Delamere wa Kenya aliitisha mkutano wa walowezi huko Tukuyu, akitaka nyanda hizo ziwe nchi ya wazungu; na katika miaka iliyofuata Lord Chesham alianzisha makazi ya Waingereza karibu na Sao Hill.

Yafaa msomaji atambue ajabu ya jambo hili. Kifungu kilichoandikwa ili kuzuia dola moja isijipendelee kiligeuka kuwa msamaha mkubwa kuliko yote: kila raia wa nchi mwanachama aliingia bila kuulizwa ana ujuzi gani, wala atamfundisha nani. Haki yake ilisimama juu ya uraia wake, si juu ya haja ya mwenyeji. Mhehe, Mbena au Mnyakyusa hakuwa mmoja wa waliotia saini. Naye katika shamba la mlowezi alikuwa mkono tu, hakuwa mwanafunzi.

Hali ilikuwa hiyo hiyo katika dhahabu ya Lupa. Tangu miaka ya 1920 wachimbaji kutoka nchi mbalimbali walimiminika Chunya, na mji wa Mbeya ulikua kwa sababu ya dhahabu hiyo. Baadhi yao walikuwa wajuzi wa miamba kweli. Wengine walikuwa watu wa bahati nasibu, wenye sururu na karai tu. Vijana wa Kisafwa, Kinyiha na Kinyakyusa walibeba udongo na kuosha mchanga kwa mshahara mdogo. Kazi ya kupima mwamba na kusoma ramani ilibaki kwa mgeni. Kazi ya gereji, useremala na uashi ikawa aghalabu ya mafundi wa Kihindi. Shule za Waafrika nazo zilikuwa chache. Malangali, iliyofunguliwa mwaka 1928 chini ya W. B. Mumford, ilikuwa mashuhuri kwa kutaka kumlea kijana katika mila za kwao. Lilikuwa jaribio lenye heshima yake, lakini halikukusudiwa kutoa mhandisi.

Vita vya mwaka 1939 viliufunga mlango wa mkataba kwa Wajerumani. Wengi waliwekwa kizuizini, mashamba yao yakawekwa chini ya msimamizi wa mali ya adui, na chai ya Mufindi ikaingia mikononi mwa kampuni ya Brooke Bond. Mlango mwingine ukafunguka, nao ulikuwa mlango wa huruma. Tangu mwaka 1942 Wapolandi waliokuwa wametolewa kwao na kupelekwa Urusi, wakapitia Uajemi, waliletwa Afrika ya Mashariki. Kambi yao kubwa ilikuwa Tengeru karibu na Arusha. Lakini Nyanda za Juu Kusini zilikuwa na mbili, Ifunda katika Iringa na Kidugala katika Njombe. Hawa hawakuja kwa ujuzi wala kwa mtaji. Walikuja kwa kuwa hawakuwa na pengine pa kwenda, nao walipopata njia wengi walikwenda Uingereza, Kanada na Australia.

Habari ya Ifunda yatufaa sana, kwa sababu mwaka 1951, pale palipokuwa kambi, palifunguliwa shule ya ufundi. Vijana wa Kiafrika kutoka pande zote za Tanganyika walikwenda huko kujifunza uashi, useremala, ufundi wa mitambo na kazi nyingine za mikono zenye kuhitaji akili. Hivyo mahali ambapo mgeni alihifadhiwa bila masharti ndipo mwenyeji alipoanza kupewa, kwa kuchelewa, ujuzi aliokuwa akinyimwa. Twapaswa kusema kwa kuchelewa, maana miaka 10 tu ilikuwa imebaki kabla ya uhuru.

Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ilipata uhuru, nayo hesabu ya wataalamu ilikuwa ya kusikitisha. Katika vyeo vya juu na vya kati vya utumishi wa serikali, nafasi 4,452, raia walikuwa 1,170 tu. Mwalimu Nyerere alizoea kukumbusha, hata alipokuwa mzee, kwamba Waingereza walituachia wahandisi wawili na madaktari 12. Serikali mpya ikajikuta katika njia panda. Ikiufunga mlango, zahanati zingekosa madaktari na madarasa yangekosa walimu. Ikiuacha wazi kama zamani, uhuru ungekuwa wa bendera. Watu wengi walidai kila cheo kishikwe na Mwafrika mara moja. Mwezi Januari 1964 Mwalimu alitangaza kwamba ubaguzi huo umekwisha, na kwamba tangu hapo raia wote watahesabiwa sawa katika kazi, wawe wa rangi yoyote. Kwa neno hilo swali la rangi liliondolewa, na swali la ujuzi likabaki peke yake.

Mpango wa Kwanza wa Miaka Mitano, ulioanza mwaka 1964, ulijibu swali hilo kwa kuweka tarehe: ifikapo mwaka 1980 nchi iwe imejitosheleza kwa wataalamu wake. Jambo hili ni kubwa kuliko lionekanavyo. Kwa mara ya kwanza mwenyeji alimwambia mgeni si karibu tu, bali karibu mpaka siku fulani. Akajiambia na yeye mwenyewe kwamba siku hiyo lazima awe tayari.

Wageni wa miaka hiyo waliingia kwa mapatano ya serikali na serikali. Miongoni mwa Wamarekani wa kwanza wa Peace Corps, waliofika mwaka 1961, walikuwamo wapima ardhi, wahandisi wa barabara na wanajiolojia. Walimu wa Kimarekani na wa Kiingereza walikuja kwa mpango wa Walimu wa Afrika ya Mashariki. Iringa yenyewe ina ushahidi wa mabadiliko hayo: shule ya Mtakatifu Mikaeli na Mtakatifu Joji, iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya watoto wa wazungu, iligeuzwa baada ya uhuru kuwa Shule ya Sekondari ya Mkwawa, na mwaka 2005 ikawa chuo kishiriki cha elimu cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Majengo yaliyomfungia mwenyeji nje sasa yanatoa walimu. Hapo, kwa maoni yangu, mgeni mwalimu alilima sawasawa, maana mavuno yake yalikuwa mwalimu mwingine.

Lakini mfano mkubwa kupita yote ni Reli ya Uhuru. Mapatano ya kwanza kati ya Tanzania, Zambia na China yalitiwa saini Beijing mwezi Septemba 1967. Kazi ilizinduliwa mwezi Oktoba 1970, na reli ikakabidhiwa tarehe 14 Julai 1976. Urefu wake kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi ni kilomita 1,860, zikiwamo kilomita 975 za Tanzania, na China ilitoa mkopo usio na riba wa yuan milioni 988. Sehemu iliyowasumbua wajenzi kuliko zote ni ile ipandayo kutoka Mlimba hadi Makambako. Huko mlima ni mkali, udongo hutitia, na mvua hazina huruma. Madaraja na mahandaki yalifuatana kama shanga. Wakati wa kilele cha kazi Wachina walizidi 10,000, na pamoja nao walikuwapo Watanzania makumi ya maelfu, wengi wao vijana waliotoka vijijini bila kupata kuona injini.

Wachina hao wote waliingia kwa mapatano ya serikali. Kama kila mmoja angelipita kwa utaratibu wa kibali wa mgeni mmoja mmoja, reli ingechelewa sana. Lakini tofauti ya msamaha huu na ule wa mwaka 1926 ni masharti yaliyoandamana nao. Mwezi Januari 1964, katika safari yake ya Afrika, Zhou Enlai alitangaza kanuni nane za misaada ya nchi yake. Ya saba ilisema kwamba watu wa nchi inayosaidiwa wafundishwe mpaka waumudu ufundi wenyewe; ya nane ilisema kwamba wataalamu wa Kichina waishi kama wataalamu wenzao wa nchi hiyo, wasidai starehe za pekee. Basi mgeni alisamehewa masharti ya mlangoni, akawekewa masharti ya shambani. Watu walikaa kambini, wakashika sururu mmoja na mwenzake, na fundi akafundisha kwa mkono pale ambapo lugha ilimshinda. Vijana wapatao 200 wa Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing kusomea mambo ya reli. Wachina zaidi ya 60 walifia katika kazi hiyo, na makaburi yao yako nje kidogo ya Dar es Salaam.

Je, jembe lilibaki kwa mwenyeji? Hapa yatupasa kusema kweli pasipo upendeleo. Lilibaki, ila mpini ulilegea. Madereva wa treni, mafundi wa karakana na wakuu wa stesheni wa Mbeya na Makambako walikuwa Watanzania, na mengi ya maisha ya miji hiyo yalijengwa na mishahara yao. Lakini shida za vichwa vya treni, vipuri, fedha na uongozi zilizidi, hata mwaka 1983 wataalamu wa Kichina wakarudi kushiriki katika uongozi. Mwezi Septemba 2024, huko Beijing, marais wa nchi tatu walishuhudia kutiwa saini kwa makubaliano ya kuifufua reli ile ile. Kujua kuendesha kitu si sawa na kujua kukikarabati, na kukikarabati si sawa na kukibuni upya. Msamaha wa miaka ya 1970 ulitupa ujuzi wa kwanza kwa wingi, wa pili kwa kiasi, wa tatu kwa uchache.

Mifano miwili mingine yatia nguvu hoja hiyo. Huko Uyole, karibu na mji wa Mbeya, nchi za Nordiki zilisaidia katika miaka ya 1970 kukijenga kituo cha kilimo, na wataalamu wao wakafanya kazi pamoja na Watanzania katika uchunguzi wa mbegu na mifugo na katika mafunzo. Wageni waliondoka, kazi ya uchunguzi haikuondoka, nayo yaendelea mikononi mwa wenyeji. Huko Mgololo katika Mufindi kilijengwa kiwanda kikubwa cha karatasi, kilichoanza kazi katikati ya miaka ya 1980 kwa fedha za Benki ya Dunia na za wafadhili wengine, na kwa mitambo na wataalamu wa nje. Katika miaka ya 1990 kilisimama, kikaja kufufuliwa baadaye na mwekezaji binafsi. Sitaki kusema kwamba sababu ilikuwa moja. Masoko na mtaji vilihusika pia. Walakini tofauti yaonekana: Uyole mgeni aliletwa afanye kazi ndani ya shule, Mgololo aliletwa ndani ya mashine. Shule humzalisha mrithi hata mgeni asipokusudia. Mashine haizai mrithi ila kwa makusudi.

Sheria za baadaye zimejaribu kuyaandika makusudi hayo. Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1995 iliweka madaraja matatu ya vibali vya ukaazi: daraja A la wenye mtaji wao, daraja B la walioajiriwa kwa kazi maalumu, na daraja C la wengineo, kama vile wamisionari, wanafunzi na watafiti. Kando ya hayo ipo hati ya msamaha, kwa wageni wanaokuja kwa kazi za serikali au za miradi iliyo chini ya mapatano yake. Sheria ya Uwekezaji ya mwaka 1997 ilimpa mwekezaji haki ya kuingiza wageni hadi watano wakati wa kuanzisha mradi, na ile ya mwaka 2022 ikaongeza hadi 10. Huu nao ni msamaha, ila mlinzi wake si mkataba wala huruma wala urafiki wa mataifa, ni mtaji.

Katikati yake ikaja sheria ya mwaka 2015 ya kuratibu ajira za wageni. Hiyo ilikitenga kibali cha kazi na kibali cha ukaazi, ikamtaka mwajiri aonyeshe kwamba hakupatikana raia awezaye kazi ile, ikaweka ukomo wa jumla wa miaka mitano kwa mwajiriwa, na zaidi ya yote ikamtaka mwajiri awe na mpango wa kumrithisha raia ujuzi wa mgeni. Kwa mpango huo methali yetu imeingia katika kitabu cha sheria: siku ya tatu imepewa tarehe, na jembe limepewa jina.

Lakini sheria yaweza kumlazimisha mgeni kufundisha. Haiwezi kumlazimisha mwenyeji kujifunza. Ofisini mpango wa urithi waweza kuwa karatasi tu, ambayo jina la kijana limeandikwa ndani yake ili kibali kitoke, na kijana mwenyewe hajapata kuuona mtambo. Naye aliyeingia kwa hati ya msamaha, yaani yule tunayemwamini kuliko wote, ndiye tunayeelekea kumwuliza maswali machache kuliko wote. Hapo ndipo hatari ilipo. Historia ya Iringa na Mbeya yaonyesha kwamba msamaha si ubaya. Kambi ya Ifunda, walimu wa Mkwawa, kituo cha Uyole na reli ya Makambako vyote vilihitaji mlango usio na foleni. Ubaya ni msamaha usio na mrithi, kama ule wa walowezi wa mwaka 1926, waliokaa miaka 13 katika nchi na ufundi wao wakaondoka nao.

Mbeya leo ina Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, kilichozaliwa na chuo cha ufundi cha mwaka 1986 na kupandishwa kuwa chuo kikuu mwaka 2012. Iringa ina Mkwawa na vyuo vingine. Mwaka 1961 mwenyeji aliweza kusema kwamba hakuna wa kumkabidhi jembe. Udhuru huo umekwisha. Kwa hiyo kila mtaalamu mgeni apitapo katika mlango wa msamaha, swali lituhusulo sisi wasomi si kwamba yeye ana hati gani, bali nani kati yetu amesimama karibu naye shambani, anatazama mkono wake, na ataweza kuushika mpini huo siku atakapouachia.